Bilauri ya Maji ya Chumvi

Nianze na nywele, maana wengine wakisimulia habari hii huanza na panya, na panya hana kosa lolote.

Nywele zile nilizisuka mimi, sebuleni kwangu Mount Druitt, Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza na hita ikiwaka karibu na miguu yetu. Siku za kazi nahudumia wazee katika makao yao huko Rooty Hill. Jumamosi nasuka. Mtu akija kusukwa kwangu anakaa kutwa, anakula tunachokula, anasikiliza habari zangu na mimi zake, na akitoka anatoka na kichwa kinachoweza kwenda popote. Nkatha alitaka nyembamba, ndefu, hadi kiunoni. Nilimwambia hizo ni nywele za mtu asiye na haraka. Akajibu kwamba hakuna mwenye haraka kumshinda yeye katika Sydney nzima, lakini anazitaka hivyo hivyo.

Nkatha ni Mkenya wa Meru, binti mrefu ambaye hasira zake hazikai mbali. Alikuja hapa kusomea udaktari, ule wa utafiti, katika chuo kimoja mjini. Mimi ni Mkongo, natoka Butembo. Tulikutana kanisani, na urafiki wetu ulianza siku tuliyogundua kwamba sote wawili hatumpendi kiongozi wa kwaya. Yeye ananiita Mama Divine, kwa jina la binti yangu. Mimi namwita Dokta, ingawa bado hajawa, na neno hilo linamkera na kumfurahisha kwa pamoja.

Kazi yake ni kusikiliza panya. Mara ya kwanza aliponieleza nilicheka mpaka kitana kikaniponyoka. Kwetu panya tunamtegea sumu, huku analipiwa mtu wa kumsikiliza. Nkatha akangoja nimalize, kisha akanieleza polepole, na hapo ndipo nilipojua kwamba atakuwa mwalimu mzuri. Ubongo umejaa seli, akasema, na kila seli ikitaka kuiambia jirani yake jambo inarusha cheche ndogo ya umeme. Wao wanachukua waya mwembamba kuliko unywele, wanauteremsha ndani ya ubongo wa panya aliye hai, taratibu mno, mpaka ncha ifike ubavuni mwa seli moja. Moja tu kati ya mamilioni. Umeme wake unakuzwa na mashine, unapelekwa kwenye spika, na seli inapozungumza unasikia: ta. Ta-ta.

Niliuliza kama panya anaumia. Alisema waya uliwekwa panya akiwa amelala kwa dawa, kidonda kikapona, na ubongo wenyewe hausikii maumivu. Sasa anakaa macho, anangoja maziwa yake matamu, na kuna watu ambao kazi yao ni kumkagua kila siku. Nikasema huyo panya anatunzwa kuliko mimi.

Kisha akaniambia ni kwa nini. Panya wake walikuwa na ugonjwa wa kutetemeka, ule ule alio nao mzee Vassallo, Mmalta ninayemlisha kazini. Mzee Vassallo anakiona kikombe, anakitaka, na mkono haujui pa kuanzia. Unaweza kuuona ukingoja pale mezani, ukitikisika, kama unangoja ruhusa. Nkatha alikuwa anatafuta seli inayotoa ruhusa hiyo, ile inayosema "sasa" kabla mkono haujanyooka. Tangu siku hiyo niliacha kumcheka, au niseme nilipunguza.

Sasa lazima nieleze ugomvi wa kofia, la sivyo hamtaelewa chochote. Mwanzoni mwa mwaka, msimamizi wa maabara yao, mama mmoja wa hapa hapa aitwaye Leanne, alimpa Nkatha kofia ya kazi, ile ya karatasi ya kufunika nywele. Wakati huo Nkatha alikuwa na nywele nyingine, zangu pia, nene kidogo. Kofia haikutosha. Leanne akazitazama zile nywele, akatikisa mkono hewani, akauliza kama hawezi kufanya kitu kuhusu "vyote hivyo". Vyote hivyo. Kichwa cha mtu, kazi ya mikono yangu. Nkatha alishuka ngazi moja kwa moja hadi ofisi ya malalamiko, na alipotoka huko, Leanne aliitwa, mkuu wao Profesa Petrakis aliitwa, ukaandikwa waraka wa kuomba radhi, na kuanzia siku ile hakuna mtu katika jengo lile aliyethubutu kumtazama Nkatha juu ya nyusi.

Mimi nilishangilia. Nilipika ndizi na samaki. Nilimwambia ametukomboa wote tulioguswa nywele na watu tusiowajua ndani ya treni. Bado naamini alikuwa na haki, hilo nalisema mapema.

Basi, wiki ile baada ya kumsuka zile ndefu, Nkatha akaipata seli yake.

Alinipigia simu akiwa kwenye treni. Alikuwa amekaa miezi bila kitu. Kamati yao ilikuwa imemwambia wazi: ikifika Septemba hajaonyesha kwamba anaweza kuishika seli moja na kuisikiliza, basi hiyo njia ya udaktari inafungwa, atapewa cheti cha chini na tiketi ya Nairobi. Na sasa hii hapa. Kila alipoinama kumpelekea panya maziwa, kabla mnyama hajanyoosha mkono, seli ilisema. Ta-ta-ta, halafu mkono. Ta-ta-ta, halafu mkono. Ilijua kwamba maziwa yanakuja.

Jumamosi alikuja kunisikilizisha kwenye simu yake. Nilisikia mikwaruzo ya bisi zinazopasuka mbali, basi, lakini uso wake ulinitosha. Nikamwambia ni nywele zangu zimeleta bahati. Profesa Petrakis alikuwa ameshapeleka jina lake kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu. Leanne mwenyewe alileta keki. Tulimshukuru Mungu kwa sauti kubwa kiasi kwamba jirani aligonga ukuta.

Kisha ikaja ile Jumamosi nyingine, siku chache kabla ya kikao cha kamati. Nilikuwa namalizia mteja, naye akafika bila kusema anakuja, amejifunika kofia ya koti mpaka machoni. Alingoja mteja aondoke. Hakuvua viatu.

"Mama Divine," akasema, "nifumue."

Nilidhani kafiwa. Nikamkalisha, nikampa chai, na akaniambia habari ya bilauri.

Kabla ya kutumia waya mpya, wao huujaribu kwanza ndani ya bilauri ya maji ya chumvi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kama nyama inavyopitisha, lakini ndani yake hakuna seli, hakuna panya, hakuna chochote kinachoishi. Spika inatakiwa inyamaze. Ijumaa mchana Nkatha aliweka waya ndani ya bilauri, akaingiza kichwa kwenye kizimba cha wavu wa shaba wanachofanyia kazi, kinachozuia umeme wa nje, ili aisogeze bilauri vizuri. Spika ikasema ta-ta-ta.

Akasimama wima. Kimya. Akainama. Ta-ta-ta. Sauti ile ile, aliyoiota, aliyonisikilizisha kwenye simu. Akazishika ncha za nywele zake, hizi ncha ninazozichovya kwenye maji ya moto zisifumuke, akazipitisha taratibu karibu na waya, na maji ya chumvi yakaongea mpaka akaogopa.

Mmeshavua sweta ya nailoni wakati wa baridi mkasikia inavyolia. Umeme ni ule ule. Nywele ninazosukia si za mtu, ni plastiki iliyonyooshwa ikawa nyuzi, na hewa ya maabara yao inakaushwa na hita. Kila alipoinama na maziwa, nywele ziligusa waya kabla panya hajanyoosha mkono, na kila mara alifurahi.

"Glass ilikuwa inajua maziwa yanakuja," akasema.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli, halafu nikaona midomo yake na nikaacha. Nikamuuliza nani mwingine aliyeona. Akasema hakuna.

"Bon," nikasema. "Kama hakuna mtu aliona, hakuna kitu ilifanyika. Unaosha hiyo bilauri, unarudisha kabatini. Utatafuta ingine seli ya kweli pole pole, na hii unanyamaza."

Alinitazama kana kwamba hanijui. Na mimi nikakasirika, kwa sababu nilikuwa nasema jambo ninalolijua kuliko yeye. Nilimweleza kuhusu Chibalonza. Kule kambi ya wakimbizi Uganda, Chibalonza alikuwa jirani yangu, turubai kwa turubai. Tuliitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine mwaka ule ule. Mimi walikuwa wameandika tarehe yangu ya kuzaliwa kimakosa, na mtu mwenye akili akaniambia nisiiguse, kila mahojiano niseme ile ile. Nikasema ile ile. Chibalonza aliona umri wa mtoto wake umekosewa, akaona ni vibaya kuacha uongo kwenye karatasi, akawaambia ukweli. Wakamuuliza ni lipi lingine alilodanganya. Faili lake likarudi chini ya mafaili yote duniani. Mimi niko Mount Druitt. Chibalonza yuko kule kule, na mtoto yule sasa ana watoto.

"Minakuambia kitu moja," nikamwambia Nkatha. "Neno ukishalisema mbele ya watu wa dossier, usiliguse tena. Ukiligusa, wanakuona muongo toka mwanzo."

Akaiweka chai chini.

"Mama Divine, hao walikuwa wanakutafutia uongo," akasema. "Hii kazi yangu ni different. Huku story yako unajaribu kuiua wewe mwenyewe kwanza. Ikikataa kufa ndio unaanza kuiamini. Na yangu imekufa, kwa glass ya maji."

Nikamuuliza, na wakimfukuza? Akasema basi atarudi Meru na nywele fupi. Alijaribu kutabasamu lakini tabasamu halikutoka. Akasema kwa Petrakis anaweza kwenda. Anayemshinda ni Leanne. Ataanzaje kumwambia Leanne kwamba ile kofia, ile kofia aliyoishtaki mpaka ofisini, ingemwokoa? Wote watasema walijua. Watasema, mnaona hawa watu na hayo mambo yao.

"Ndiyo maana nasema nyamaza," nikamwambia.

"Siwezi. Kuna daktari atasoma hiyo paper yangu. Ataenda kuitafuta hiyo seli kwa kichwa ya mtu, mtu kama yule mzee wako. Atamfungua kichwa, Mama Divine, na atakuwa anatafuta nywele zangu humo ndani."

Nilisimama nikaenda jikoni. Sikuwa na la kufanya jikoni. Nilifungua bomba, nikalifunga, nikamwona mzee Vassallo na mkono wake mezani, na kichwa chake kile chenye mvi laini ninachokisafisha kila asubuhi kwa kitambaa cha moto. Nilimkasirikia Nkatha kwa kuniletea picha hiyo nyumbani kwangu siku ya Jumamosi. Kisha nikarudi, nikachukua kitana cha mkia, nikaingiza ncha yake kwenye msuko wa kwanza, nikaanza kufumua.

Kufumua kunachosha kuliko kusuka, kwa sababu hakuna unachongoja kukiona. Divine alitoka chumbani, akatutazama, akauliza kwa Kiingereza nani kafa, nikamwambia alete mfuko. Kila msuko niliweka ndani ya mfuko ule. Nkatha akataka itupwe. Nikakataa. Mtu akienda kubadilisha maneno yake, nikamwambia, aende na ushahidi mkononi, asiende na machozi peke yake. Hilo nalo nililijua kuliko yeye, na safari hii alinisikiliza.

Jumatatu alimfuata Leanne kwanza. Mengine haya nayasimulia kama alivyonisimulia. Alimkuta kwenye korido na toroli la vizimba, akamwambia yote akiwa amesimama, nywele zake mwenyewe zimefungwa kwa kitambaa cha pamba, mfuko mkononi. Leanne alisikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake ukawa mwekundu, akasema kwamba yeye aliona. Wiki ile ile ya keki, alipita mlangoni akaona nywele zinagusa waya, akafungua mdomo, akakumbuka ofisi ya malalamiko, akaufunga. Alisema aliona akaogopa, na tangu siku hiyo halali vizuri.

Nkatha alitaka kumpasua. Aliniambia hivyo hivyo, kumpasua. Mwezi mzima amejenga nyumba juu ya hewa na huyu mama alikuwa anatazama tu. Lakini akakumbuka ni nani aliyemtia woga ule, na hasira ikakosa pa kutua. Akamwambia tu kwamba siku ile alisema "vyote hivyo". Leanne akakubali. Akasema hakuwa na kofia ya kumtosha, akaona aibu kwamba hana, na badala ya kusema hana akasema vile. Wakabaki wamesimama pale korido, wanawake wawili wazima na toroli la panya katikati yao, hakuna anayejua aanzie wapi.

Alhamisi, mbele ya kamati, Nkatha aliweka bilauri ya maji ya chumvi mezani. Akaunganisha waya na spika. Akatoa msuko mmoja kutoka mfuko wangu, akausugua kwenye sweta yake, akaupitisha hewani. Bilauri ikaongea. Profesa Petrakis alivua miwani. Akaomba ule msuko, akaupitisha yeye mwenyewe, bilauri ikamjibu na yeye, akaketi. Alasiri ile ile Petrakis aliliondoa jina la Nkatha kwenye mkutano wa wataalamu.

Walimtoa nje wakajadiliana. Alinitumia ujumbe akiwa amekaa kwenye ngazi za chuo: "Niombee." Niliomba nikiwa nambadilishia bibi mmoja shuka, na niliomba kwa hasira, nikimwambia Mungu kwamba Chibalonza anatosha, asinionyeshe wa pili.

Hawakumfukuza. Walimpa mpaka mwisho wa kiangazi. Walimwambia kwamba mtu anayeweza kulivunja jambo lake zuri kwa mkono wake, wakati hakuna anayemshuku, wangependa kuona atakachokileta baadaye. Niliposikia hayo nilikaa kwenye kiti cha wageni pale makao ya wazee, kitu tusichoruhusiwa. Jioni nilimtumia Chibalonza ujumbe wa sauti, nikamweleza yote, mtu aliyebadilisha maneno yake na faili lake lisirudi chini. Alinijibu kwa kicheko kirefu. Kisha akauliza hao panya wa Australia walihojiwa na nani mpaka wakapata nyumba. Nilicheka, halafu nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Msisubiri niseme kwamba mambo yalinyooka kesho yake. Alihangaika mpaka mijakaranda ikachanua barabarani kwetu. Seli aliyoipata ilimpotea siku ile ile. Nyingine iligeuka kuwa friji ya chumba cha pili. Leanne alikuwa naye muda wote, wakizima taa moja baada ya nyingine kutafuta kelele inatoka wapi, na sijui walivyoanza kuongea, najua tu kwamba siku moja Nkatha alilitaja jina la Leanne bila kukunja uso. Jumamosi alikuja kula tu. Nilimkanda kichwa mafuta, nikamwacha na nywele zake fupi, na sikumwita Dokta, maana niliona lingemuumiza.

Kisha ikawa siku ya Novemba, joto la kuchoma, mimi niko kwenye chumba cha kulia nikimpa mzee Vassallo chakula cha mchana. Simu ikatetemeka mfukoni. Haturuhusiwi simu wakati wa kulisha. Niliona jina nikaipokea.

"Usiseme kitu," akasema Nkatha. "Nimefunga nywele. Leanne amefunga zake. Hakuna mtu ndani ya kizimba, maziwa yanaenda kwa mrija, tumesimama nje ya mlango. Glass tumeijaribu, iko kimya. Sikiliza."

Nilibandika simu sikioni. Mwanzo nilisikia mvumo tu. Halafu, dhaifu, bila mpangilio: ta. Kimya. Ta, ta. Ta. Haikuwa nzuri kama ile ya kwanza. Ile ya nywele ilikuwa na mwendo wa ngoma, hii ilikuwa ya mtu anayetafuta funguo mlangoni.

Akaniambia, akinong'ona, kwamba haisemi kabla. Inasema mkono ukishaanza kwenda, na mnyama akisita, nayo inasita naye. Si seli aliyokuwa anaitafuta kabisa. Ameijaribu kwa kila njia aliyoijua, siku nzima, na haijafa.

"Una hakika?" nikamuuliza.

"Sina, Mama Divine. Bado sina." Akacheka. "Kesho naanza tena kuiua."

Nimekaa mbele ya watu wengi wenye mafaili maishani mwangu, na neno hilo, sina hakika, sijawahi kulisema mbele yao hata mara moja. Huyu alilisema kama mtu aliyepewa viza. Akaongeza kwamba Jumamosi nimsuke, ndefu kama zile, maana Leanne amemshonea kofia ya pamba kubwa ya kuzimeza zote, imekaa vibaya kidogo lakini inatosha.

Mzee Vassallo alikuwa ananitazama. Aliuliza nasikiliza nini. Niliweka simu katikati yetu, karibu na sahani, nikamwambia ni ndani ya kichwa cha panya, kule mjini, panya mwenye ugonjwa kama wake, na yuko anajaribu kufikia maziwa. Nilidhani atacheka. Aliinamisha sikio. Ta, ikasema simu. Ta, ta. Mkono wake ulikuwa pale mezani, ukitikisika karibu na kikombe.

"Anayapata?" akauliza.

Nikamuuliza Nkatha. Akatazama kupitia kioo cha mlango, akasema ndiyo, anayapata, anachelewa lakini anayapata.

"Anayapata," nikamwambia mzee.

Akaitikia kwa kichwa. Nilikishika kikombe kisimwagike, nikakisogeza karibu naye, tukangoja mkono wake uanze.